Mkoba wa ukindu: mnunuzi anataka kwa mali kauli, nimpe bei gani?

Binti wa Msusi (Unguja Kusini)

Assalaam alaykum wakubwa zangu na wenzangu.

Mie ni katibu wa kikundi cha akina mama kumi na wanne. Tunasuka ukili, ule mkanda mrefu wa majani ya ukindu, kisha tunaushona mikoba, misala na makawa. Ukatibu nimepewa kwa sababu nimemaliza skuli na simu yangu ina kikokotoo. Kusuka kwenyewe sijambo kidogo tu, mama yangu anasema ukili wangu unakwenda upande kama kaa.

Mwezi uliopita tulipata meza kwenye bonanza la kazi za mikono mjini, siku moja. Tuliuza mikoba tisa kwa 25,000, makawa mawili kwa 15,000, na mama mmoja akauza kipepeo cha 3,000 alichokuja nacho kujipepea mwenyewe. Jumla 258,000. Mwenye shughuli akakata asilimia 20, meza 80,000, gari 50,000. Tulipogawana, kila mmoja hakufikisha elfu sita, na ukindu bado hatujautoa humo.

Lakini pale pale alipita dada mmoja wa Uholanzi mwenye duka la nguo kwao. Anataka mikoba 60 ndani ya wiki tatu. Bei anayotoa ni 18,000 kwa kuwa anachukua jumla, tena kwa mali kauli: atalipa siku sitini baada ya mzigo kufika. Anasema duka lake ni la biashara ya haki, ile ya kumlipa mtengenezaji bila kumpunja, na kila mkoba utaning'inizwa kikaratasi chenye picha ya aliyeusuka. Akina mama wamefurahi mno. Mama yangu peke yake ndiye aliyeuliza, "Na picha atatulipa?"

Naomba mnisaidie. Hiyo 18,000 inatufaa? Na hii mali kauli ndiyo kawaida ya biashara ya haki? Halafu bonanza lengine limetangazwa, turudi au tukae kwetu?

Fundi Makubazi (Tanga)

Waalaykum salaam, mwanangu. Hilo la bei hatuwezi kukujibu sisi, saa ndiyo itakayokujibu. Chukua mkoba mmoja, mwambie mama yako aufanye mwanzo mpaka mwisho, wewe kaa pembeni na daftari. Andika kila kitu, hata kile watakachokwambia si kazi. Mimi nilishona makubazi miaka sita nikijua napata faida, kumbe nilikuwa nauza ngozi kwa bei ya ngozi na mkono wangu natoa sadaka.

Ukimaliza kuandika, rudi hapa.

Mpakia Mizigo (Arusha)

Dada, nimefanya kazi miaka tisa kwenye ofisi inayosafirisha kazi za mikono, kwa hiyo hili la mali kauli naomba nilijibu mimi.

Neno "biashara ya haki" mtu yeyote anaweza kulibandika dukani kwake. Ile alama ya Fairtrade mnayoiona kwenye kahawa, ndizi na pamba ni jambo jingine. Kwa kazi za mikono, wanaotajwa zaidi ni World Fair Trade Organization, chama kilichoanzishwa 1989, chenye kanuni kumi ambazo wanachama wake hukaguliwa kwazo. Humo mna kipengele cha malipo: msusi akiomba, mnunuzi wa kazi za mikono anatakiwa kutanguliza angalau nusu ya bei, bila riba. Sababu ni rahisi kuiona: bila hivyo anayegharimia duka la Uholanzi ni mama wa Unguja, maana ukindu kaununua yeye, siku kazitoa yeye, na pesa anaisubiri yeye. Mnakuwa benki yake, tena benki isiyotoza kitu.

Usimgombeze. Wengi wao hawana ubaya, wameanza biashara kwa mtaji mdogo na hakuna aliyewaambia. Mwandikie kwa adabu: sisi tunaomba nusu kabla ya kuanza, nusu mzigo ukiwa tayari kuondoka, na ukivunja oda tukiwa tumeshaanza, ile ya kwanza hairudi. Atakachojibu hapo kitakuonyesha haki yake ina uzito gani kuliko hicho kikaratasi chenye picha.

Na wiki tatu kataa, hata akilipa yote leo.

Mtu wa Kariakoo

Mnamfukuzia dada wa watu mteja. Elfu kumi na nane mara sitini ni 1,080,000, kikundi gani cha kijijini kinaona hela hiyo kwa mpigo? Hapa kwangu kikapu cha plastiki kutoka China nauza 7,000 na watu wanakigombania. Chukueni oda, mkishazoeana mtapandisha bei. Nusu kwanza, kanuni kumi, hayo ni maneno ya semina.

Binti wa Msusi

Nimerudi na daftari. Fundi, Mungu akuweke.

Nimekaa na mama siku nne. Ugomvi ulianza dakika ya kwanza, maana alishika lile fungu la ukindu akaanza kuchana, nami nikaandika saa. Akaniuliza naandika nini na kazi haijaanza. Kwake yeye kuchana si kazi, ni kuzungumza na jirani huku mkono unatembea. Nikamtazama: jani moja analikata kwa kijisu mpaka chane zinatoka nyembamba sawasawa, anazipitisha kidoleni kupima, isiyolingana anaitupa. Kidole gumba cha kulia kina mfereji kabisa, unaona kisu kinapopita kila siku. Saa mbili. Kisha kuchemsha rangi, nyekundu na nyeusi, saa moja ukigawa na mikoba mengine iliyoingia sufuria hiyo hiyo.

Kusuka sasa. Mkoba wetu unakula pima kumi za ukili. Pima ya kwanza dakika themanini. Ya tano saa moja na dakika arubaini, kwa sababu vidole vimekauka na inabidi aloweshe ukindu mara kwa mara. Ya nane aliifumua nusu, akasema nakshi imeruka. Mie sikuiona hiyo iliyoruka hata baada ya kuonyeshwa. Zote kumi, saa kumi na tano. Kushona saa tatu.

Jumla saa 21. Mali ghafi 8,500: ukindu 3,000, rangi na kuni 1,000, mikanda ya ngozi 4,500.

Ukitoa hiyo kwenye 18,000, inabaki 9,500. Gawa kwa 21. Shilingi 452 kwa saa! Wenzetu wanasuka saa tatu kwa siku, wakishatoka mwani na jikoni. Maana yake ni 1,357 kwa siku, ambayo haitoi nauli ya kwenda mjini na kurudi. Kaka wa Kariakoo, hiyo milioni moja umeihesabu vizuri, ila hukuhesabu saa 1,260 zilizomo ndani yake. Na kwa saa hizo, kumi na wanne sisi tunahitaji siku thelathini bila mtu kuumwa wala kwenda harusini. Kwetu harusi haikosekani.

Hapa kibarua wa shamba hashiki jembe chini ya elfu kumi kwa siku. Nikimhesabia mama vivyo hivyo, saa nane kwa elfu kumi, mkono wake peke yake ni 26,250. Weka mali ghafi, weka kidogo cha mfuko wa kikundi, unafika 38,000. Nilipowasomea akina mama walinyamaza. Halafu mmoja akasema, "Basi tangu tuanze tumekuwa tukizawadia watu."

Nyanya wa Viondo (Machakos)

Msichana wangu, hapo umefika tulipofika sisi, na tulichelewa.

Huku Ukambani tunasuka viondo vya mkonge. Tulizoea kuuza kiondo kikiwa uchi, bila mshipi wala kifungo. Dalali anakibeba mpaka Kariokor pale Nairobi, kinavalishwa ngozi, na bei inaruka siku hiyo hiyo. Tulisuka wiki nzima, anayetia mkanda nusu saa akapata kutushinda. Kwa hivyo hiyo mikanda yenu ya ngozi msiiachilie. Mtu akiwaambia "nipeni tu mifuko, vipini nitatia mwenyewe", jueni anataka kipande kinono.

La pili, ukavu. Oda yetu moja ya ng'ambo ilifungwa kwa nailoni ikiwa bado na unyevu. Ilipofunguliwa huko ilikuwa imeota ukungu, na hatukulipwa kitu. Anikeni mpaka mkoba ulie kavu ukiugonga, na mkubaliane kwa maandishi mzigo ni wa nani ukishaingia melini.

Kuhusu hayo maonyesho: usipeleke mikoba peke yake. Peleka msusi. Mwekee mkeka, asuke, na karibu yake uweke chane za kujaribia. Mgeni akishindwa kusuka shubiri moja mbele ya watu, hatakuuliza tena mbona bei iko juu. Sisi tulianza hivyo na watoto wa shule wakiwa wageni wetu, bure. Mama zao wakaja Jumamosi iliyofuata.

Binti wa Msusi

Shukrani nyanya, shukrani wote. Nawapa habari zilipofika.

Nilimwandikia yule dada kama alivyosema kaka wa Arusha, nikamtumia na picha ya ukurasa wa daftari. Alikaa siku tano kimya, mie nikashajuta, akina mama wengine wakaanza kunitazama. Akajibu kwamba 38,000 hawezi. Tukaenda tukirudi. Tumekubaliana mikoba 40 kwa 35,000, wiki sita, nusu kwanza. Jana 700,000 zimeingia kwenye akaunti ya kikundi, na leo asubuhi tumenunua ukindu taslimu. Mwaka mzima tulikuwa tukiuchukua kwa kukopa.

Bonanza la mjini tumeliacha kwa sasa. Mwezi wa saba, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, wageni wanakuja wenyewe Makunduchi, gari hatukodi na meza tunayo. Tutakaa chini ya mwembe na chane za kujaribia, kama alivyosema nyanya.

Mtu wa Kariakoo

Haya, nimekaa kimya. Lakini akina mama wakibakiwa na mikoba mitano mnipigie, nitaijaribu kwa wateja wangu.

Binti wa Msusi

Tutakupigia kaka, nusu kwanza.

Na ile picha ya kikaratasi, mama amekubali. Ila anataka kupigwa akiwa na kanga mpya, na amesema kanga hiyo niiandike kwenye mali ghafi.