Mjadala: Wanaume tuhimizwe kusema yanayotusibu moyoni, au tuachwe?

Nahodha: Wakuu, salaam. Kila ikifika tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunaambiwa wanaume tufunguke. Mimi naunga mkono. Ila nauliza: himizo hili linatusaidia, au ni lawama mpya, kwamba tukizidiwa kosa ni letu kwa kunyamaza?

Jiwe: Mwanaume anajikaza. Babu zetu walipita kwenye vita na njaa wakanyamaza. Na ukifunguka, mwanamke anaiweka akiba siri yako, siku ya ugomvi anakuchapa nayo.

Mama Pili: Jiwe, hapo kwa mwanamke nakataa kabisa. Mume wangu alikaa miezi hapati usingizi. Saa tisa usiku yuko mezani anaifungua redio mbovu, anaifunga, kesho anaifungua tena. Nikimuuliza anasema "naitengeneza." Vichwa vya skrubu vililika mpaka bisibisi ikawa inateleza. Siri gani niliweka akiba? Sikupewa hata moja!

Jiwe: Dada, sijakutaja wewe. Nasema yaliyonikuta. Nilimwambia mke wangu kuwa huwa najifungia bafuni nalia. Hata mwezi haukuisha, mbele ya shemeji zangu akaniambia, "Nenda bafuni ukalie." Wewe ungesema tena?

Mpitanjia: Pole sana kaka. Ila mimi aliyenifunga mdomo ni mwanaume mwenzangu. Nilimwandikia rafiki, "Nimechoka na maisha." Akajibu, "Lala mapema." Tunahimizwa kusema, nani amehimizwa kusikiliza?

Nahodha: Wakuu, mambo ya ndoa yana mjadala wake. Turudi kwenye mada.

Mama Pili: Hii ndiyo mada. Atamwambia nani kama si wa nyumbani kwake?

Muuguzi: Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni kama mara mbili ya cha wanawake. Sonona kwa mwanaume mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira, pombe, kukesha kazini. Nyumbani wanamwita mkorofi, kumbe anaumwa. Ukimhofia mtu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, mfikishe kwa wataalamu.

Kaka Mdogo: Mbona nilisoma mahali kwamba wanawake ndio wenye sonona zaidi? Mnatuchanganya.

Muuguzi: Ulisoma sawa. Wanawake ndio hugundulika nayo zaidi, wanaume ndio hufa zaidi kwa kujiua. Anayekufa bila kupimwa haingii kwenye orodha ya wagonjwa.

Jiwe: Naona nimeitwa mkorofi kwa njia ya kuzunguka.

Muuguzi: Hapana kaka. Wewe umeandika hapa kuwa unalia. Wengi hawafiki hapo.

Mpitanjia: Na hakuna aliyekucheka.

Jiwe: Hamnijui ndiyo maana.

Mama Pili: Basi nikuulize nisiyekujua. Lile neno la bafuni, mkeo anajua lilivyokuchoma?

Jiwe: Siku ile nilitoka nje, nikaosha gari ambalo lilikuwa safi. Sijamwambia. Sasa ni mwaka wa tatu.