Kamati ya Harusi ya Mwanaidi 💍

Shangazi Rehema: Jamani, somo wa singo, wa kumsugua Mwanaidi, nimeshampata. Na hii krimu ya bibi harusi nimeipata Kariakoo, mwenye duka anasema wiki tatu tu mtoto anatakata. 15,000 kopo.

Mama Asha: Hiyo ndiyo yenyewe! Picha zitatoka bomba.

Salma: Shikamoo shangazi. Naomba utupigie picha ya nyuma ya kopo, pale penye maandishi madogo.

Shangazi Rehema: Marahaba. Nilijua tu nesi hatapita kimya 😂 [picha]

Kaka Idi: Nimeikuza. Mtengenezaji hayupo, viambato hakuna. Kuna onyo tu: isigusane na dhahabu, fedha, alumini wala mpira.

Shangazi Rehema: Si vizuri? Wanamlindia pete yake.

Salma: Shangazi, krimu ya kuogopa pete ni krimu gani? Onyo hilo ni dalili ya zebaki. Zebaki inashikana na dhahabu, ndiyo maana wachimbaji wadogo kule Geita wanaitumia kukamatia dhahabu. Sasa tunataka kumpaka Mwana usoni. Mwaka 2023 nchi zilikubaliana vipodozi vyenye zebaki, hata chembe, vikome ifikapo 2025. Madukani bado vimejaa.

Mama Asha: Mbona watu wanapaka miaka na miaka na wako fresh?

Salma: Figo hazipigi kelele mapema, mama. Zebaki inapenya kwenye ngozi inaenda kuzitafuna. Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari walikuwa wanapokea watu wazima waliovimba uso na miguu, figo zinavujisha protini. Kuwauliza, wengi walikuwa wakipaka krimu za kujichubua zenye zebaki.

Mama Asha: Mh.

Mwanaidi: Da Salma, na ule mkorogo wa saluni? Anachanganya mwenyewe. Nimeanza zamani kidogo 🙈

Shangazi Rehema: We mtoto!!

Salma: Asante kwa kusema. Mara nyingi humo kuna dawa mbili, haidrokwinoni ya kufifisha rangi ya ngozi na klobetasoli. Ya kwanza ukiizoea miaka, mashavu yanaweza kugeuka weusi wa kibluu ambao hautoki. Ya pili ni steroidi kali, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi, kidonda hakiponi haraka. Ila usiache ghafla peke yako, uso unaweza kulipuka wekundu na chunusi wiki ya harusi. Kesho twende kliniki ya ngozi, uje na kichupa chenyewe. Na mtoto wa Asha usimpakate ukiwa umejipaka, wala msichangie taulo.

Mama Asha: Jana kalala naye kitanda kimoja 😳

Salma: Basi foronya na shuka zifuliwe leo.

Shangazi Rehema: Sisi tulisuguliwa liwa na manjano tukang'aa, weupe hatukuutafuta. Hizi picha zenu ndizo zinatupa presha. Haya, kopo nalitupa jalalani.

Salma: Hapana shangazi! Wala usilichome, zebaki inapanda na moshi. Lifunge vizuri kwenye mfuko, uliweke mbali na watoto. Nitalipeleka TBS, shirika la viwango, vipodozi viko chini yao tangu 2019.

Shangazi Rehema: Na 15,000 yangu nayo TBS watairudisha?

Kaka Idi: Naiandika kwenye bajeti, fungu la dharura 😂

Baba Mkubwa: Dharura imeshaliwa na mahema. Mama Asha, mchango wako wa mchele bado.