Nimelipa miezi mitano kulaza mashua Entebbe, nimekuta panya wamezalia ndani ya tanga

Wakuu, wasimamizi naomba msiuhamishie huu uzi jukwaa la vichekesho. Najua kichwa chake kinavyosomeka. Mimi sicheki.

Nina mashua ya tanga, ya faiba, futi 24, kuukuu lakini nzima. Novemba nilikwenda Pangani kumuuguza mama, nikaipandisha nchi kavu kwenye yadi moja hapa Entebbe. Jina silitaji, wenyewe watajijua. Shilingi 180,000 kwa mwezi, jumla 900,000 za Uganda, zote nimetoa mbele. Karatasi waliyonipa imeandikwa "uhifadhi na uangalizi". Yashikeni hayo maneno mawili.

Jumamosi nimerudi. Sijapanda hata, harufu imenipokea. Mtu wa ziwani anaijua harufu ya samaki, na hii haikuwa ya samaki.

Nikaanza na tanga la mbele. Kulinyanyua, upande mmoja mzito. Kulikunjua, vitoto sita vya panya, vyekundu, havina hata unyoya, vimelazwa kwenye sponji iliyotafunwa kutoka godoro langu mimi. Sasa sikilizeni hesabu ya tanga lililokunjwa. Panya hakutoboa mara kumi na nne. Katoboa mara moja tu, ila tanga lilikuwa tabaka kumi na nne. Ukilitandaza unapata mstari wa matundu kama vifungo vya joho la padri. Mafundi wa turubai wapo tele mjini, lakini fundi wa tanga ni mimi na sindano yangu, na mama bado hajapona vizuri, na likizo imekwisha.

Kabla hamjanirukia, nakiri langu. Kwenye sanduku la chini niliacha mfuko wa mukene (dagaa, kwa wa nyumbani) na pakiti mbili za biskuti. Ni kosa. Panya aliitwa na pua yake, na aliyeweka chakula ni mimi. Nimelimeza hilo. Yanayofuata siyamezi.

Panya nawaweza. Walioniumiza ni nyigu.

Pale nyuma tunapokaa kushika usukani pana matundu mawili ya kutolea maji ya mvua, upana wa kidole gumba. Nyigu wa udongo wameyaona wakasema nyumba ndiyo hii. Wamejaza udongo, wakapanga vyumba, kila chumba kina buibui waliopigwa ganzi na yai moja juu yao, chakula cha mtoto akianguliwa. Kazi nzuri kweli, ukiitazama huna hasira. Nimeigonga kwa bisibisi, ngumu kama tofali.

Mvua za Machi zilipoanza, maji hayakuwa na pa kwenda. Yakajaa pale nyuma, yakavuka kizingiti, yakaingia chumbani, yakashuka kwenye ngama, lile shimo la chini kabisa maji yanapokusanyika. Pampu ya ngama ingeyatoa, ila nyaya zake panya walikuwa wameshazikata. Magodoro yakaelea. Mbu wakapata bwawa la bure. Tangu yai la mbu mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja mpaka mbili, kwa hiyo hesabuni wenyewe vizazi vingapi vimetoka kwenye mashua yangu, na nyuma ya uzio pana nyumba zenye watoto.

Anayeona tundu lililoziba ni jambo dogo, Februari 1996 ndege ya Birgenair ilianguka baharini mara tu baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Watu 189, hakupona hata mmoja. Bomba la kupimia mwendo lilikuwa limeziba, na wachunguzi walimshuku nyigu wa aina hii hii, kwa kuwa ndege ilikuwa imekaa chini siku kadhaa mabomba yakiwa wazi. Kifuniko cha kitambaa tu! Mimi sikuomba zaidi ya hicho. Matambara mawili yenye kamba nyekundu nilimwachia meneja mkononi, nikamwonyesha na pa kuyachomeka. Nimeyakuta ofisini kwake, anapangusia meza.

Nikamuuliza. Kijana mpole, sauti ya chini, akanijibu: "Ssebo (bwana), pole sana. Lakini hao ni wanyama wa Mungu, tutafanyaje? Sisi hapa tunalinda wezi."

Tunalinda wezi. Alikusudia jingine, ila sidhani kama alikosea Kiswahili.

Aliyenifumbua macho ni askari wa usiku. Mzee, mstaafu wa jeshi, Kiswahili chake cha kambini hakina habari na ngeli lakini ukweli kinao. Akasema, "Kijana yangu, kuja mimi naonyesha wewe." Tukazunguka na tochi.

Kwanza akainua mkono akaonyesha taa. Wamefunga taa kubwa nyeupe juu ya mlingoti wa umeme, usawa wa mashua yangu hasa, inawaka usiku kucha tangu Desemba. Wa ziwani mnajua kinachofuata. Sami, vile vijidudu vya ziwani vinavyoruka. Mwezi ukiandama tu wanatoka ziwani kama moshi, hawaumi mtu, wanachotaka ni mwanga. Wanakuja wanakufa kwa malundo, na mimi nimeyachota malundo hayo kwa kopo, matope meusi yanayonuka. Penye sami pana mjusi na pana buibui. Penye buibui nyigu hana haja ya kwenda kuwinda mbali. Mmeona inavyokwenda? Swichi ile ndiyo imenizibia matundu. Tungesema mambo ya Mungu kama jua ndilo lingekuwa linawaka usiku.

Halafu ngazi. Fundi wao alipaka rangi mashua ya jirani kabla ya Krismasi, ngazi akaiegemeza kwangu, ikabaki hapo. Bandarini meli ikifunga, kwenye kamba zake wanavisha sahani za chuma ili panya wasipande. Sisi huku panya tumewawekea ngazi. Mzee akaimulika, vipago vimeng'aa kwa mafuta ya miili yao, njia kuu kabisa.

Na hatua kumi kutoka hapo, shimo la taka za kantini. Maganda ya matooke, vichwa vya sato, mabaki ya posho (ugali, kwa wa nyumbani). Halafu mimi nalaumiwa kwa mukene.

Sumu sasa. Ndiyo "uangalizi" pekee walioufanya. Januari mtu wao alifungua kifuniko cha juu, akarusha vipande vya sumu ndani, akaondoka, kifuniko hakukirudisha sawasawa. Sumu ya namna ile haiui papo hapo. Panya anakula leo, anakufa baada ya siku kadhaa, popote alipo. Wawili wamekufia chini ya sakafu, upande ambao mkono wangu haufiki. Ndiyo ile harufu. Na pengo la kifuniko limekuwa mlango wa wenzao kuja matanga.

Usukani sitaki hata kuusimulia. Ni wa mbao. Huku ziwani hatuna wale wadudu wa maji chumvi wanaotoboa vyombo, wale waliowafanya wazee wetu Pangani wapandishe mashua na kuichoma moto wa makuti chini. Lakini tuna kiluwiluwi cha Povilla, mdudu wa ziwani, naye hutoboa mbao zinazokaa majini. Nikautoa usukani majini kumkwepa Povilla, wao wakaulaza juu ya udongo mtupu, wakamkabidhi mchwa. Nimeunyanyua, umekuja mwepesi kama mkate.

Nimeomba nirudishiwe nusu ya fedha, wanioshee chombo, waniwekee pampu. Jibu mpaka leo: "Tunaangalia." Kuangalia wanakujua.

NYONGEZA, Jumatatu usiku

Nawajibu kwa jumla, maana mmekuwa wengi.

Mkuu uliyesema nifuge paka, yadi ina paka wanne. Wanalala kwenye shimo la taka, wameshiba vichwa vya sato, panya wanapita wanaamkiana. Mmoja alilala kwenye magodoro yangu pia na kuacha hati yake ya umiliki. Kuna hata kenge chini ya mashua, mrefu kuliko mkono wangu. Nilimfurahia nikidhani anakula panya, kumbe mzee anasema kazi yake ni mayai ya kuku wa jirani.

Dada wa naftalini, shukrani, kwa nguo zangu sawa. Lakini ukiijaza chumba kidogo kilichofungwa, anayeumwa kichwa ni wewe utakayeingia, panya anahamia upande wa pili. Na kile kidude cha kufukuza panya kwa mlio usiosikika nilikuwa nacho. Waya wake umetafunwa.

Wewe wa kumwaga oili chafu kuzunguka magogo ili mchwa wasipande, acha kabisa. Mvua moja tu iko ziwani, na maji hayo tunakunywa. Ondoa mbao kwenye udongo, weka matofali au chuma, inatosha. Mchwa akitaka kupanda atajenga njia ya udongo, utaiona ukipita kila wiki. Kila wiki, nimesema. Hakuna dawa inayochukua nafasi ya mtu kupita na macho yake.

Kwa anayeuliza nimeziba na nini. Panya mdogo wa nyumbani anapita tundu la milimita sita, yaani kalamu ikipita naye anapita, usidanganywe na ukubwa wa tumbo lake. Kwa hiyo wavu wa chuma wa macho madogo kwenye matundu yote, na penye nyaya nimeshindilia waya ule wa kusugulia masufuria. Sponji na plastiki anatafuna kama njugu. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, lazima atafune kitu. Matundu ya kutolea maji usiyazibe kwa kizibo, utarudi kukuta bwawa kama langu. Wavu, maji yatoke nyigu abaki nje. Magogo ya kuegemeza nimeyavisha mabati, nimekata madebe. Nimetoa kila boksi la karatasi, kwa sababu mende huletwa na maboksi ya dukani, na kifuko kimoja cha mayai ya mende mdogo wa jikoni kina watoto thelathini na zaidi. Tanga nimelipeleka nyumbani, limening'inia sebuleni, mke wangu ana maoni yake.

Na jamani, msifagie kinyesi cha panya kikavu. Mwaga maji yenye klorini, subiri, futa, vaa glovu na buti. Wa Tanzania mnaikumbuka homa ya mgunda kule Lindi 2022, watu watatu walikufa. Wataalamu wakasema ni leptospirosisi, na mkojo wa panya ni moja ya njia zake. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya maji yale kwa ndala, na mguuni nina kidonda. Nimeshakwenda hospitali, nipo kwenye dawa.

NYONGEZA, Jumatano

Meneja amenipigia leo asubuhi. Nusu ya fedha hawarudishi, ila wamekubali kuzima taa na kuondoa ngazi "kama ishara ya nia njema". Nikamwambia haya, tuanze na hapo. Mchana nimepita, kweli ngazi haipo, nikamshukuru kwa mdomo wangu huu.

Saa nne usiku mzee askari kanipigia. Taa imezimwa, anasema. Ngazi ameiona, wameiegemeza kwenye mashua ya Mzungu iliyo kando ya yangu, na turubai lake limeshikana na langu.

Natafuta trela ya kukodi. Mwenye nayo kati ya Entebbe na Kajjansi anitafute inboksi, nahama wikiendi hii.