Ripoti za Access kukatwa kila tukibadili printa: nakala kwa kila printa, kodi (code ya programu), au PDF?

Nuru_Moshi:
Wakuu habari za jioni. Nahudumia ofisi ya saccos huku Moshi, databesi yao ni ya Access (programu ya databesi ya Microsoft), na kuna taarifa ya mwanachama ya ukurasa mmoja, hisa, akiba, mkopo, halafu salio chini kabisa. Kwa mhasibu kwenye leza inatoka safi ila pale kaunta kwenye printa ya wino mstari wa salio unaliwa, na kwa meneja kila ukurasa unafuatiwa na karatasi tupu. Mtu ameshuka toka Kibosho na hiace anapewa taarifa haina salio, inaniuma sana. Nifanye nakala tatu za ripoti, nipange pambizo kwa kodi, au nitoe PDF tu?

fundi_njiro:
Mkuu hayo ni magonjwa mawili tofauti usiyatibu kwa dawa moja. Karatasi tupu ni hesabu: upana wa ripoti ukijumlisha pambizo ya kushoto na ya kulia ukizidi upana wa karatasi, kinachobaki kinamwagikia ukurasa wa pili hata kama hakuna kitu pale. Upana wa karatasi ya A4 ni sm 21, wa Leta (Letter, saizi ya Kimarekani) ni sm 21.59. Angalia draiva (programu inayoendesha printa) ya mhasibu, naona kama iko Leta na ya meneja iko A4, ndo maana huku inaenea huku haienei.
Salio kuliwa ni kitu kingine, kila printa ina eneo haifiki. Leza nyingi zinaacha kama mm 4 pande zote ila za wino nyingi zinaacha zaidi chini, kwa sababu pale mwisho rola bado zinatakiwa ziishike karatasi.

Dada_Hesabu:
Nakala tatu hapana jamani. Siku ukiongeza safu moja lazima uiongeze mara tatu, na kuna moja itasahaulika tu.

tarakea_dev:
Mi nasimama na kodi. Tangu Access 2002 ripoti ina Printer yake, unaweka LeftMargin, BottomMargin na wenzake wakati ripoti inafunguka, vipimo ni twipu, 567 ni sm moja. Zamani ilikua mpaka uchezee PrtMip, ile sifa ya ripoti inayobeba pambizo, kazi kweli kweli. Uzuri wa kodi ni kwamba hata mtu akienda kugusa Page Setup wewe unarudisha vipimo vyako kila ripoti inapofunguliwa.

Dada_Hesabu:
Ila kaka, kodi haiwezi kuilazimisha printa ifike isikofika. PDF nayo hivyo hivyo, inashikilia mpangilio vizuri, na tangu 2010 Access inaitoa yenyewe, unaweza hata kumtumia mwanachama kwa WhatsApp, lakini kaunta wakiiprint na Fit (kuenezea ukurasa) imewashwa ukurasa unasinyaa, wachague Actual size (ukubwa halisi). Na hapo wakichagua, ile printa ya wino itakula salio vile vile kama hujaliacha juu kidogo. Kwangu mimi unachora kwa printa mbovu kuliko zote, zingine zitafuata.

Nuru_Moshi:
Asanteni sana. Nimecheki, mhasibu kweli yuko Leta! Ripoti ina upana sm 16.4 na pambizo sm 2.54 kila upande, jumla 21.48, kwa hiyo Leta inaingia A4 haiingii. Nimeweka A4 kote, pambizo sm 1.5 pembeni, chini sm 2, upana nimeuacha, na kodi ya tarakea_dev nimeiweka kama ulinzi. Kaunta salio linaonekana lote. PDF itabaki ya wale wanaotaka kwenye simu.

fundi_njiro:
Safi. Kama ripoti iko kwenye Default Printer (printa difoti, ile inayotumika usipochagua nyingine) na kompyuta ni Windows 10, zima ule mpangilio wa Windows kusimamia printa difoti yenyewe, maana inahamia printa uliyotumia mwisho, na ripoti inaifuata huko huko.