MREJESHO: Kile chuo cha Marekani kilichoniweka kiporo

Wakuu mnanikumbuka? Desemba niliwauliza nifanyeje, chuo nilichoomba mapema, dedilaini ya tarehe 1 Novemba, hakikunikataa wala kunikubali, wakasema faili langu litaangaliwa tena pamoja na waombaji wa kawaida. Basi nikafuata mlichosema nikaandika barua ya kuwaambia bado nawataka, drafti ya kwanza kurasa mbili za kulialia tu, ticha wa Kingereza akaipitia na kalamu nyekundu akaniachia aya tatu: nini kipya tangu Novemba, kwa nini wao, na kwamba wakinichukua naenda. Kipya chenyewe ni moko ya kidato cha sita, fizikia nimetoka C mpaka A, na ile pampu ya shamba la shule tuliyoifufua. Kasheshe ikawa ripoti ya shule ya kuwatumia hizo alama mpya, mkuu yuko safari na muhuri kaufungia kabatini, wiki nzima nashinda ofisini kama mdai. Insha mpya sikutuma, na kuwasumbua chuo kwa imeili za kila siku niliacha.

Mwisho wa Machi majibu yakatoka, NIMEPATA aisee! Ila msaada wao haugusi tiketi wala hela ya viza, na mjomba ghafla hapokei simu.