Tupeane uzoefu: ulipokwama kabisa, nani wa kanisani alikushika mkono?

Binti wa Kimara
Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, na ambao si wa kanisani karibuni pia.

Jana nilikuwa nahamisha vitu vya marehemu mama, nikakuta kauntabuku jeusi. Nikadhani ni la hesabu za genge lake. Kumbe ni la zamu. Mwaka 2014 mama aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Mimi ni mtoto pekee, na nilikuwa na kibarua cha kiwandani, ukikosa siku mbili huna kazi. Katibu wa jumuiya yetu, kile kikundi cha waumini majirani, alipiga mistari kwa rula: tarehe, nani analala wodini, nani anapeleka uji, nani anafua. Siku 71, nimezihesabu. Hakuna mstari uliobaki mtupu. Majina mengine ni ya watu ambao mama alikuwa hasalimiani nao.

Msibani sikulia. Jana nimelia juu ya lile daftari mpaka mwanangu akaogopa. Naomba na ninyi mseme ya kwenu.

Mshona Suruali
Hapo kwenye "hasalimiani nao" umenigusa. Nipo, nasoma.

Wa Kamachumu
Sisi wa Kagera tunayo ya zamani zaidi. Miaka ya themanini ugonjwa ulipoingia, kabla hatujalijua neno Ukimwi, watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa mpakani. Baba alifariki 1987, mama akafuata 1989. Tulibaki watano na bibi.

Watu waliogopa hata kigoda alichokalia mgonjwa. Katekista wa kigango chetu alikuja na mke wake, wakamwosha mama, wakambadilishia shuka. Kisha mzee yule akatoka nje, akaketi barazani, akaomba chakula. Akala ndizi za sufuria letu, taratibu, huku majirani wanamtazama kutoka kwenye migomba. Nilikuwa na miaka tisa na nilielewa kwamba anakula kwa makusudi.

Kesho yake wakaja kina mama wawili. Wiki iliyofuata ikaja jumuiya nzima. Walitulimia kibanja misimu miwili. Mpaka leo nikiona mtu anakula kwa utulivu nyumbani kwa mgonjwa namkumbuka yule mzee.

Mkweli Daima
Mnasifia tu. Shangazi yangu alinyimwa ibada ya mazishi kwa sababu kadi yake ya zaka ilikuwa na pengo la miezi minane na mahudhurio ya jumuiya hakuna. Miezi hiyo minane alikuwa kitandani! Tulimzika wenyewe, mjomba ndiye aliyesoma sala. Hiyo ni jumuiya au ofisi ya kodi?

Katibu Mstaafu
Pole, lakini tazama na upande wa pili. Nimekuwa katibu miaka 14. Mtu haonekani miaka kumi, hatujui hata mlango wake, siku akifa ndiyo simu zinalia: leteni kwaya, leteni padri.

Mkweli Daima
Mlango wake ulikuwa nyumba ya tatu kutoka kwa mwenyekiti. Ninyi mlikwenda kumtafuta lini?

Katibu Mstaafu
Hapo umenishinda, na sitabishana. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa uchungaji, shabaha ilikuwa watu wajuane mlango kwa mlango. Bahasha za michango zilifuata baadaye, mahali pengine zikapanda juu ya watu. Kwetu liliwahi kutokea kama la shangazi yako na mimi ndiye niliyelishika daftari. Nilikwenda kuomba radhi kwa wale watoto baada ya mwaka mzima. Nilichelewa.

Joho la Njano
Samahani, nitaandika kirefu, nikikatiza sitarudi.

Mimi ni wa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Desemba 3, 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio na kwaya yetu ilikuwa na wimbo mpya. Mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri nilikuwa macho, napiga pasi joho. Nikasikia mngurumo, nikadhani ni malori ya mahindi yamekosea njia. Mlango ukapasuka. Hayakuwa maji, yalikuwa matope mazito kama uji wa ulezi, yamebeba mawe na magogo mazima. Nilimshika mwanangu mmoja, mdogo wangu wa kike akamshika wa pili, tukapanda juu ya meza. Meza ikaelea. Mimi nikashika mwamba wa paa. Yeye alikuwa ameshaanza kuvutwa, akanirushia mtoto kama saidia fundi anavyomrushia tofali fundi aliye juu. Nikamdaka kwa gauni. Nikageuka tena, mdogo wangu hayupo.

Tulimpata siku ya tatu.

Miezi minne sikusali. Nasema kweli, nilimchukia Mungu. Tangu utoto tumefundishwa kuinua macho milimani tukitafuta msaada, na mimi ule mlima nilikuwa siwezi kuutazama, hata kupanda bodaboda nilikaa nimeupa mgongo. Wenzangu wa sauti ya pili walikuja kila Jumatano. Hawakuhubiri. Walifua zile nguo zilizookolewa, maji ya kwanza meusi, ya pili mekundu, ya tatu ndiyo rangi ya kitambaa ikaanza kuonekana. Mmoja alisafisha picha zetu moja moja kwa pamba. Wakimaliza wanakunywa chai, wanaaga.

Aprili nikaenda kanisani, nikakaa nyuma karibu na mlango ili nikishindwa nitoke. Kwaya ikasimama. Kwenye mstari wa sauti ya pili, kati ya mama wa duka la dawa na mwalimu, kukawa na nafasi ya mtu mmoja. Nikadhani leo kuna mgonjwa. Baada ya ibada nikaambiwa ile nafasi ni yangu, tangu Desemba wanasimama hivyo hivyo kila Jumapili, hata Krismasi, hata Pasaka wageni walipojaa na mwalimu wa kwaya akawaambia wasogeleane.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kusimama pale. Sikuimba. Nilisimama tu mpaka wimbo ukaisha.

Mshona Suruali
Nimezima cherehani. Pole sana dada.

Mkweli Daima
Pole mno dada. Ya shangazi niyaweke kando kwanza. Mlikwenda kukaa wapi?

Joho la Njano
Shuleni pamoja na wengine, kisha kwa shemeji. Watoto wote wawili wapo, wa pili yuko darasa la tatu sasa.

Kijana wa Makambako
Naomba niulize bila ubaya. Mungu alikuwa wapi alfajiri ile?

Joho la Njano
Hata mimi nauliza, mdogo wangu, na sijajibiwa. Mchungaji wetu alisema kaburini kwamba hana jibu, akashindwa kuendelea, akashika koleo. Katika maneno yote ya wiki ile nilisikia hayo tu.

Mama Sunday School
Nilipofiwa na mume sikuweza kusoma popote ila Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio, inaishia gizani, shukrani mwishoni haina. Nilifarijika kwamba na mtu wa namna hiyo alipewa ukurasa.

Wa Mto Panda
Mimi ni Mkenya. Nilifanya kazi ya nyumba Muscat, Oman, 2018 hadi 2020. Mwajiri alishika pasipoti na mshahara wa miezi minne. Kanisani Ruwi, humo humo Muscat, watu wengi husali Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, basi Ijumaa ndiyo ikawa Jumapili yetu. Tulikuwa tunakutana Wakenya, Watanzania na Waganda, tunasali Kiswahili kila mtu na chake. Wale wasichana walichanga tiketi yangu, na wao wenyewe walikuwa hawajalipwa. Sina la kuongeza.

Nyarugusu 96
Sisi tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 tukitoka upande wa Fizi, tukafikia kambini Nyarugusu, Kasulu. Kwetu Congo jumuiya tunaiita shirika. Baba alibeba ngoma ya kwaya badala ya gunia la unga, na mama alimgombeza safari nzima. Jumapili ya kwanza ikapigwa chini ya turubai. Watu wa kijiji chetu waliotawanyika waliitambua mlio, wakaja wakiifuata. Mama aliwapata wadogo zake wawili kwa njia hiyo. Hakugombeza tena.

Jirani wa Kisutu
Mimi Mwislamu, napita tu. Mazishi ya jirani yetu Mkristo sisi ndio tulioleta maturubai na viti, na kina mama wa jumuiya yake walikuja kupika futari nyumbani mama yangu alipovunjika mguu. Endeleeni wapendwa.

Mgeni Mbagala
Nawasoma tangu jana. Mume ameondoka na jiko la gesi na godoro. Nina watoto wawili, kodi imeisha. Nilihamia hapa kutoka Songea mwaka jana, jumuiya siijui, na nimesoma hapo juu habari za kadi. Nikienda leo sina hata sahihi moja, si watasema nimefuata msaada?

Shuhuda wa Upako
Njoo kwa nabii wetu dada, kuna mafuta ya kurudisha waume. Ukitumia wiki tatu anarudi.

Wa Kamachumu
Acha hayo. Huyu hana godoro, unamwuzia mafuta? Nimeona waliotupa dawa zao kwa maneno ya namna hii, nimewazika.

Mama Sunday School
Funga na kuomba siku tatu kwanza, halafu uende.

Mshona Suruali
Afunge nini mama, amekula lini? Dada kunywa uji, lala, kusali utasali ukiamka.

Wa Mto Panda
Nenda leo hii hii, usingoje kujisikia vizuri.

Joho la Njano
Akiwa hawezi kwenda asilazimishwe. Mimi nilifuatwa.

Mkweli Daima
Ukienda beba hata robo ya sukari, usiingie mikono mitupu. Na huyo mume akirudi, arudi na godoro begani.

Katibu Mstaafu
Mgeni, nisikilize mimi niliyeshika daftari. Sahihi ya kwanza kila mtu huiweka siku ya kwanza. Jumuiya nyingi za Dar hukutana Jumamosi asubuhi na mapema, watu wakasali kabla ya kazi. Muulize mjumbe wa mtaa wako, au mama yeyote utakayemwona na kitenge cha WAWATA, wale wanawake Wakatoliki. Huna haja ya kueleza habari za mume siku hiyo.

Binti wa Kimara
Mgeni, uko Mbagala ipi?

Mgeni Mbagala
Kizuiani.

Binti wa Kimara
Mamkwe wangu anakaa Kizuiani na ni mweka hazina wa jumuiya yao. Nimeshamwambia. Jumamosi saa 12 asubuhi nitakuwa nje kwako nimeshika khanga ya bluu, tutakwenda wote. Nimekutumia namba yangu kwa ujumbe. Watoto wanalala wapi leo?

Mgeni Mbagala
Kwenye mkeka. Nimeupata ujumbe. Nakupigia.