Mnaosema rapa B.G. alijimaliza kwa kuihama lebo ya Cash Money, hesabu zenu mmezitoa wapi??

Wakuu mnisamehe naanza na hasira, ila nimechoka. Kila zikitajwa habari za Hot Boys, lile kundi la Cash Money la B.G., Juvenile, Turk na Lil Wayne, lazima atokee mtu aandike eti B.G. alijiharibia mwenyewe, angetulia pale saa hizi angekuwa levo za Lil Wayne, na eti Livin' Legend, albamu aliyoitoa baada ya kuondoka, ni ya mtu aliyefulia. Halafu laiki zinamiminika. Wengi wenu hata hamjaisikiliza, mnaujua wimbo wa Bling Bling tu, tena mnadhani ni wa Wayne kisa yeye ndo anasikika kwenye kiitikio. Ni wa B.G. huo, upo kwenye albamu ya Chopper City in the Ghetto ya 1999.

Hiyo Cash Money mnayoiabudu ilianzishwa New Orleans 1991 na ndugu wawili, Slim na Baby, huyohuyo Birdman wenu. Sasa niambieni, kabla lebo kubwa ya Universal haijaja 1998 na lile dili linalotajwa kuwa la dola milioni 30, nani alikuwa anaipa lebo jina kule mtaani? B.G. kaingia pale mtoto kabisa, albamu ya True Story inatoka 1995 hata miaka kumi na sita hana, pembeni yake Wayne mdogo zaidi, afu ikaja Chopper City 1996, afu It's All on U volyumu mbili ndani ya mwaka mmoja, 1997. Juvenile mwenyewe ndo anaingia 97 na Solja Rags. Kwa hiyo mtu anaposema "Cash Money ilimtengeneza B.G." mimi najua hapo hakuna anachokijua, kwa sababu walitengenezana, na kama ni kudaiana basi lebo nayo inadaiwa.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hiki. Dili la Universal mnalisifia kila siku, eti Birdman na Slim ni vichwa vya biashara, walikubali kutengenezewa CD na kusambaziwa tu, masta, yaani umiliki wa rekodi zenyewe, zikabaki mikononi mwao. Na ni kweli, lilikuwa dili kali, sibishi. Sasa B.G. naye alipotaka kitu hichohicho, amiliki vyake, apate msambazaji tu basi, ghafla anaitwa msaliti. Kwa akina Slim ni akili ya biashara ila kwa B.G. ni utovu wa shukrani? Acheni unafiki.

Na wala hakuwa peke yake. Juvenile aliondoka kwa ugomvi wa pesa, ile kurudi na albamu ya Juve the Great 2003 isiwadanganye. Turk akasepa. Mannie Fresh, aliyetengeneza karibu biti zote zilizoijenga ile nyumba, na yeye akaondoka 2005 kwa malalamiko yaleyale. Haya, Wayne je, yule mtoto wa nyumbani mnayemtolea mfano wa uvumilivu? 2015 si ndo huyo huyo aliwapeleka mahakamani akidai dola milioni 51, na albamu yake Tha Carter V ikakaa kabatini mpaka 2018! Huyo ndo mfano wa mtu aliyetulia akafaidi? Ukiona msanii mmoja kalalamika unaweza kusema ana kiburi, ila hawa ni kundi zima na prodyuza wao juu.

Twende kwenye Livin' Legend. 2003, lebo yake mwenyewe Chopper City Records, wasambazaji kampuni ya Koch. Najua mtasema Koch ilikuwa inaitwa makaburi ya marapa. Sawa, ila waliokuwa wanaita hivyo ni watu wa lebo kubwa! Lebo kubwa inakupa advansi, yaani pesa ya mwanzo, afu studio, video, promo, vyote vinarudi kukatwa kwenye mgao wako, unauza platinamu na bado unaambiwa unadaiwa. Kwa msambazaji, mgao wako kwa kila nakala ni mkubwa zaidi. Piga hesabu ya mfano tu: nakala laki moja ukibaki na dola tano kila moja ni dola laki tano. Nakala milioni moja ukibaki na deni ni deni. Sasa mtu anakuja na mauzo ya Chopper City in the Ghetto anayalinganisha na ya Livin' Legend kama vile mfuko ni uleule, hajui hata nani alikuwa anachukua nini.

Na mwaka huohuo 2003 Cash Money ikaachia albamu ya Let 'Em Burn ya Hot Boys, rekodi za zamani, kundi lenyewe limeshasambaratika kabaki Wayne tu. Yaani jamaa anajaribu kusimama kwa miguu yake na sauti yake ya zamani inauzwa upande wa pili. Hilo mbona hamlisemi?

Kama ni kuikosoa ikosoeni kwa haki. Ndefu, ina nyimbo za kujazia, na pengo la Mannie Fresh unalisikia, biti nyingine zinapita tu hazikugusi. Ila ile sauti ya puani, ya kujivuta, ya mtu wa Uptown anayesimulia mambo ya mtaani kama anakusomea risiti, ipo palepale. Afu hakuishia hapo, 2004 akatoa Life After Cash Money, jina tu linatosha kuwachoma, na 2006 The Heart of tha Streetz volyumu ya pili yenye wimbo wa Move Around, na humo yupo nani? Mannie Fresh. Jamaa "aliyekwisha" kafuatwa na prodyuza aliyetoka kulekule.

Mwisho msiniletee habari ya jela. Alihukumiwa miaka 14 mwaka 2012 kwa kesi ya silaha na kumrubuni shahidi, katoka 2023, hilo ni kosa lake na kalilipa. Linahusiana nini na mkataba wa 2003? Heroini nayo ilimwanza akiwa bado yupo Cash Money, kwa hiyo hata hiyo msiibambikize kwenye kuondoka.

Anayebisha aje na hoja ya mgao na masta. Ukija na "Wayne ana hela nyingi" sikujibu.